Hita ya Kombi ya Marehemu

Mymoena alikuwa na mikono yote miwili ndani ya beseni la unga, akikanda koesista, maandazi ya shira, za kesho asubuhi, mwanawe Ighsaan alipoingia jikoni na viatu vya tope kusema theluji imeanguka milimani Ceres.

"Nani kasema?"

"Watu wote. Mpaka imamu anaenda na watoto wake. Baba anasema na sisi tunaenda kesho, hita ikikubali."

"Vua viatu."

"Anasema pia umpelekee tochi."

Alilifunika donge kwa blanketi ili liumuke, akanawa, akatoka uani na tochi. Miguu ya mumewe Toyer ilikuwa imechomoza chini ya kombi, juu ya kipande cha boksi. Kombi ilikuwa ya marehemu baba yake Toyer. Mzee aliinunua akiwa kijana, akaitengenezea vitanda, makabati na meza ya kukunja kwa mikono yake, na kila Pasaka aliubeba ukoo mzima kwenda kupiga kambi. Alipokufa alimwachia Toyer. Dada yake Toyer, Rugaya, hakuachiwa kitu, na tangu hapo hakuwahi kuingia katika ua ule bila kuitazama ile kombi kama mtu anayetazama sahani yake mbele ya mwingine.

Alikuwepo siku hiyo pia, ameegemea geti, amemshika mkono mwanawe wa pekee, Zaid.

"Fyuzi nzima," Toyer alisema kutoka chini. "Betri nzima. Feni inazunguka. Pampu inasukuma petroli, isikilize inavyogonga. Plagi inawaka nyekundu. Inashika moto, inatoa moshi mweupe, halafu inajifia."

"Kama wewe na mipango yako," Rugaya alisema. "Baba alikuwa anaiwasha kwa kidole kimoja."

"Baba alikuwa na hita mpya."

"Baba alikuwa na akili."

Toyer aliiwasha tena. Feni ilivuma, pampu ikagonga, moto ukashika kwa mvumo mzito chini ya sakafu. Kisha ukafa. Na ulipokufa ilitoka sauti ambayo Mymoena hakuipenda, sauti ya mtoto aliyeanza kulia akazibwa mdomo upesi.

"Kuna katoto," alisema Ilhaam, mdogo wao wa mwisho, akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu.

"Ni upepo," Mymoena alimwambia. "Nenda ndani. Magharibi inaingia. Nazley, mwingize mdogo wako."

Msikitini walikuwa wameanza kuadhini. Watu wa mtaa ule hawaachi watoto nje saa hiyo. Nazley, mkubwa, alimbeba Ilhaam kiunoni, na Rugaya naye akamvuta Zaid karibu na sketi yake.

"Kitu kimeziba ekzosi," Toyer alisema. "Moto hauna pa kupumulia. Nimesukuma waya, unarudi umepinda. Leta maji ya moto, yaliyochemka hasa, masizi yalegee."

Birika lilikuwa jikoni tayari. Mymoena alikuja nalo likitoa mvuke. Alikuwa na unga wa kukata, nguo za kufungasha, watoto wa kuogesha. Toyer alikuwa amelifungua bomba upande wa hita na kumwelekezea mkewe mdomo wa bomba. Mymoena alimimina.

"Hukusema bismillahi," Rugaya alisema.

"Sema wewe. Mdomo wako hauna kazi nyingine."

"Sitanii, wifi. Maji ya moto, saa kama hii, unapiga hodi kwanza. Wenye mahali pao wapishe. Mama alitufundisha sote."

"Mama yenu hakuwa na watoto watatu na koesista za kukaanga."

"Alikuwa na watano."

Mymoena akamimina yaliyobaki.

Kitu kilijibu ndani ya bomba, kwa sauti nyembamba na fupi, kikakoma. Kisha bomba likajitapisha juu ya boksi: maji meusi, na bonge la nywele na sufi lililosokotwa kama kiota, na ndani yake vitu vitatu vyekundu, vidogo kama vidole gumba, vinatoa mvuke.

"Panya," Toyer alisema.

Rugaya aliinama kidogo. "Panya wana mikia."

Toyer alivizoa kwa koleo akavitupa kwenye pipa la taka. Mymoena alikiona kimoja kilipoteleza. Kilikuwa na mkono, na mkono ulikuwa na kucha. Alirudi jikoni kwenye unga wake.

Nje, hita iliwaka mara ya kwanza, na haikuzima.

*

Jumapili walikuwa chini ya mlima Matroosberg, kombi imeegeshwa kati ya magari ya watu wengine waliotoka mjini kushangaa weupe. Watoto walitelezea boksi mpaka midomo ikawa ya zambarau. Alasiri mawingu yalishuka, watu wakaanza kuondoka, na Mymoena akawaingiza wake ndani, akawavua soksi, akawapa supu.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Toyer alijisifu. "Semeni ahsante kwa fundi."

"Fundi ni birika," alisema Nazley.

Ilhaam hakula supu. Alilala kifudifudi sakafuni, tumbo juu ya tundu la kutolea joto, shavu kwenye zulia.

"Inuka hapo, utaungua."

"Anti kasema nilale hapa."

"Anti gani? Anti Rugaya?"

"Wa huku chini. Ananiimbia."

Ighsaan alicheka, kisha akaacha, kwa sababu na yeye alisikia. Haukuwa wimbo. Ilikuwa ile miguno anayoitoa mwanamke akiwa na mtoto mgongoni na kazi mikononi, inayopanda na kushuka bila maneno. Ilitoka kwenye tundu pamoja na joto. Na joto lilikuja na harufu, kwanza ya nywele zilizoungua, halafu nyingine nzito zaidi iliyomfanya Mymoena aweke mkono kifuani bila kujua, harufu ya maziwa ya mama yaliyokaukia kwenye nguo yakapigwa pasi.

"Zima," alisema.

Toyer alizima swichi, feni ikaendelea. Alichomoa fyuzi, akamwonyesha kwenye kiganja, na joto likaendelea kupanda. Alitoka nje na spana akafungua waya wa betri, taa ya ndani ikazimika, na katika kile kiza cha alasiri ya mawingu hita ikazidi kuvuma, sasa si kama feni bali kama mtu anayevuta pumzi kwa pua baada ya kulia sana. Akalala kwenye theluji chini ya gari, akalifunga bomba la petroli la hita, akaing'oa pampu yake nzima na kuingia nayo ndani ikidondosha matone kwenye zulia, na wote wakaitazama ile pampu mkononi mwake, imekufa, haigongi, wakati chini ya sakafu, pale ilipokuwa imefungwa, kitu kiliendelea kugonga, tik, tik, tik, taratibu, kama ukucha wa mtu asiye na haraka.

"Baba," Nazley alinong'ona, "inatumia nini?"

Mymoena alimshika Ilhaam makwapani amwinue, na mtoto hakuinuka. Hakuwa mzito, alikuwa ameshikwa. Alivuta, na kutoka chini kitu kilivuta, si kwa nguvu, bali kwa ule upole wa mtu anayekataa kupokonywa mtoto aliyekwisha kumlaza, na Mymoena akaweka goti sakafuni, akavuta kama anavyovuta godoro, huku akisikia nyama ya goti lake ikiungua, mpaka Ilhaam akang'oka na kuanza kupiga kelele, siyo kumlilia mama yake, kulilia lile tundu.

Toyer aliurudisha waya wa betri, wakateremka mlimani madirisha yote yakiwa wazi, watoto wakitetemeka mbele, wote watatu kwenye kiti kimoja. Sakafu nyuma yao iliendelea kuimba mpaka mtaani kwao Athlone.

*

Nyumbani Mymoena alimvua Ilhaam gauni. Alama zilianzia tumboni zikazunguka mbavu mpaka mgongoni, ndefu, nyembamba, nyekundu, za mtu aliyekumbatia kwa muda mrefu. Nesi wa kliniki alizitazama, kisha akamtazama Mymoena.

"Nani alimshika huyu mtoto?"

"Aliangukia hita."

"Hita haina vidole, mama."

Alipewa dawa ya kupaka na jicho baya. Dawa iliyeyuka mgongoni kwa Ilhaam kama siagi kwenye kikaango. Walimpeleka Strand, kwa mama yake Mymoena, awe mbali na gari. Bibi alimrudisha keshoye, ameshika shuka iliyokunjwa. Aliifunua mezani. Katikati kulikuwa na umbo la mtoto, la rangi ya kahawia, limeungulia kitambaani kama pasi iliyosahauliwa.

"Huyu sikai naye," alisema bibi. "Nampenda, lakini sikai naye. Mpelekeni kwa mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa doekum, mganga wa mtaa wa Macassar, bwana mnene asiye na ndevu, aliyewapokea jikoni kwake akiwa na ndala na sigara. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye kombi barabarani, akainama, akaweka sikio kwenye tundu la sakafu. Alikaa hivyo kama mtu anayesikiliza jirani akigombana. Aliporudi alizima sigara.

"Mnataka niwaambie ni panya? Haya, ni panya. Nendeni."

Hakuna aliyeondoka.

"Ni mzazi," alisema. "Mmempikia watoto. Kiota alikijenga mwenyewe kwenye bomba lisilowaka, hakumsumbua mtu. Nani alimwaga?"

"Mimi," Mymoena alisema.

"Ulimtaja Mungu?"

"Nilikuwa na kazi."

"Na yeye alikuwa na kazi. Alikuwa ametoka kutafuta chakula."

Toyer alisema, "Mtoe basi. Tutatoa chochote."

"Nimtoe aende wapi? Nikimtoa kwenye chuma ataingia kwenye nyama, na nyama aliyoichagua mnaijua. Njia ipo. Kila magharibi mmoja wenu akae naye humo ndani. Bora huyu aliyemwaga. Amwombe radhi. Atawaunguza, vumilieni. Mzazi huchoka kulia, na akichoka huondoka mwenyewe."

"Atachukua muda gani?" Mymoena aliuliza.

"Wewe ungechukua muda gani?"

Doekum aliwatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Na jambo moja. Msije mkampa mtu gari hilo. Jini hajui kadi ya gari, anajua mkono uliomwaga. Mkono huo ukitoa kwa kauli, na mwingine akapokea kwa kauli, amekwenda na aliyepokea, na kisasi chake kimekwenda naye. Nawaambia ili msifanye."

Alimwambia Toyer. Aliyeitikia kwa kichwa alikuwa Mymoena.

Jioni ile Mymoena aliingia kwenye kombi, akaketi, akasema maneno aliyofundishwa. Nisamehe. Sikujua. Sikuona. Miguno iliendelea, na joto likapanda mpaka nyusi zake zikanuka. Kisha kiti kilicho mbele yake kilibonyea, kama anapoketi mtu mwenye nyonga pana, na wakakaa hivyo wawili wanatazamana, mmoja asionekane, mmoja akivuja jasho mpaka kwenye viatu. Juu ya goti la yule mwingine, hewani, maziwa yalianza kudondoka, tone baada ya tone, yakitoa moshi yalipogusa zulia. Mymoena alimwomba radhi tena. Alikuwa anasema kweli. Na huku anasema kweli alikuwa anahesabu kichwani: zamu yake kiwandani, zamu ya Toyer, magharibi za Ramadhani, mwaka, pengine miaka, na mgongo wa Ilhaam.

Alitoka malengelenge yamejaa mikononi. Ilhaam alikuwa nje pekupeku, amesimama kwenye baridi, anagonga mlango wa kombi kwa kifundo cha kidole.

"Zamu yangu," mtoto alisema.

*

Rugaya alikuja Alhamisi na sahani ya bajia za dhaltjie, na Zaid.

"Naona siku hizi kombi mnaificha nyuma ya nyumba," alisema kabla ya kuketi. "Watu wasiombe lifti?"

"Tunaitaka nafasi mbele."

"Nafasi. Baba angesikia. Zaid ananiuliza kila siku, mama, kombi ya babu. Nimwambie nini? Nimwambie mjomba wako ana nafasi?"

Mymoena alimimina chai. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji, na Rugaya aliiona, akaacha kutania.

"Umefanya nini, wifi?"

"Mafuta ya koesista."

"Pole. Unajichosha mno. Nasema kila siku, yule mwanamke anajichosha mno."

Sebuleni Ilhaam alikuwa amelala kwenye kochi, anatetemeka kwa joto lake mwenyewe, na kochi lilikuwa limeanza kunuka. Zaid alikuwa amepiga magoti kando yake, anampa gari lake la plastiki achezee. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Rugaya alimpata baada ya mimba nne kuharibika, na alimvalisha fulana mbili hata wakati wa joto.

"Ichukue," Mymoena alisema.

"Nini?"

"Kombi. Ya baba yako. Ichukue."

Rugaya aliweka kikombe chini. "Usinitanie kwa hilo."

"Sitanii. Mimi, Mymoena, nimekupa kombi ile na kila kilichomo. Sema umepokea."

"Toyer anajua?"

"Toyer ni mimi. Sema kwa kauli, wifi, isije ikawa fitina kesho. Sema nimepokea na kila kilichomo."

Rugaya alianza kulia. Alilia vibaya, kama watu wasiozoea, pua yote.

"Miaka yote nimekusema vibaya," alisema. "Hata msibani kwa baba. Mungu anisamehe. Nimepokea, dada yangu. Nimepokea na kila kilichomo."

Nyuma ya nyumba mlango wa kombi ulifunguka, ukafungwa. Kwenye kochi Ilhaam alishusha pumzi ndefu, akageukia ukuta, akalala.

Rugaya alimkumbatia Mymoena shingoni na hakutaka kumwachia. "Theluji bado ipo," alisema. "Zaid hajawahi kuiona. Mume wangu yuko likizo, tutakwenda leo leo. Ile hita, Toyer aliitengeneza?"

"Aliitengeneza."

"Inafanya kazi vizuri?"

"Vizuri sana," Mymoena alisema. "Haizimi."

Aliwasaidia kufungasha. Alimpa Zaid blanketi.

*

Toyer alirudi kutoka kazini magharibi inakaribia, akauona ua mtupu. Aliingia jikoni, akasimama bila kuvua koti. Mymoena alikuwa anachuja wali.

"Iko wapi?"

"Kwa dada yako."

"Umemwazima?"

"Nimempa."

Alivuta kiti. "Kwa kauli?"

"Kwa kauli. Nenda ukamguse mtoto wako, halafu urudi uniseme."

Alikwenda. Mymoena alisikia hatua zake sebuleni, kisha sauti ya Ilhaam ikimcheka kwa vidole vyake vya baridi. Aliporudi alikuwa na simu mkononi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa ngumi na bado hajaanguka.

"Ni Zaid," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mtoto wa Rugaya, Mymoena. Anaye huyo mmoja tu."

"Najua anao wangapi."

"Nampigia."

"Mpigie. Mwambie arudishe. Mwambie arudishe kwa kauli, na mimi nipokee kwa kauli, halafu ukamlaze Ilhaam humo ndani wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Simu hiyo hapo."

Simu iliita kabla hajaigusa. Toyer aliipokea, na sauti ya Rugaya ikajaa jikoni, ya furaha, yenye upepo nyuma yake.

"Kaka? Tumefika. Ungeiona, kila kitu cheupe. Mume wangu anachoma nyama nje kwenye baridi kama mwendawazimu. Nilitaka tu kusema Mungu awalipe. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Humu ndani ni kama tanuri. Zaid amejilaza juu ya lile tundu la joto, kifudifudi, kama paka. Hataki kuinuka. Eti kuna anti anamwimbia." Alicheka. "Watoto hawa. Nimwache tu, au ataungua?"

Toyer alifungua mdomo. Mlangoni alikuwa amesimama Ilhaam, ameamka mwenyewe, nywele zimesimama, amebeba gari la plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ngozi ya shavu lake ilikuwa ya rangi ya kawaida.

"Mama, nina njaa," alisema.

Mymoena alimtazama mumewe. Hakutikisa kichwa. Alisubiri tu, mwiko mkononi.

"Kaka? Upo? Nimwache?"

"Mwache," Toyer alisema. "Apate joto."

"Haya. Mlale salama."

"Na nyinyi."

Aliiweka simu mezani, kioo chini. Kisha akavua koti, akanawa mikono kwenye sinki, akainawa tena, na kuketi mahali pake.

"Nazley," Mymoena aliita. "Ighsaan. Chakula."

Walikuja wakisukumana. Alipakua wali, akamwagia mchuzi wa nyanya na kondoo, mfupa wenye mafuta akampa Toyer kama kawaida. Alimpakulia Ilhaam kidogo, kisha akamwongezea. Alisema bismillahi kwa sauti, wote wakaitikia. Kabla hajakaa aliwahesabu kwa macho kuizunguka meza, Nazley, Ighsaan, Ilhaam, baba yao. Wote walikuwepo.

"Kuleni kabla hakijapoa," alisema.